Kocha Ajaye wa Taifa Stars: Mzawa au Mgeni Ni Swali la Pili

Swali: "Mimi ni shabiki wa Taifa Stars, niko Mwanza. Kijiweni kwetu suala la kocha wa timu ya taifa limegeuka ugomvi. Kundi moja linataka mzawa apewe timu kwa mkataba kamili, tuachane na habari za ukaimu, na linamtaja Hemed Suleiman 'Morocco' aliyetupatia tiketi ya Afcon ya 2025 na kutufikisha robo fainali ya CHAN, Afcon ya wachezaji wa ligi za ndani. Kundi la pili linasema mzawa hatufikishi mbali, kwa kuwa Amunike na Amrouche walitupeleka Afcon, na Gamondi ndiye aliyetuvusha hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Kundi la tatu linataka jina kubwa kutoka Ulaya, kwa sababu Afcon ya 2027 inakuja nyumbani na hatutaki aibu. Wenzetu wawili hawasalimiani hadi leo kwa ajili ya mjadala huu. Tumeazimia kuiandikia TFF, shirikisho letu la soka, barua, lakini kila mmoja anataka iandikwe ya kwake. Naomba utueleze: nani ana hoja? Kocha wa taifa anapimwa kwa nini hasa? Na kwa nini makocha wetu hawadumu?"

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza maswali matatu, lakini nikiyasoma kwa pamoja naona hofu moja iliyoyazaa yote: kwamba mashindano makubwa kuliko yote ya Afrika yatafika Tanzania, Kenya na Uganda, viwanja vitajaa, na timu yetu itaonekana dhaifu mbele ya wageni kwa sababu benchi limekabidhiwa mtu asiyefaa. Hofu hiyo ni ya haki. Ila naona mmeifunga kwenye pasi ya kusafiria ya kocha, na hapo ndipo mjadala wenu unapokwama, kwa kuwa kila kundi kati ya hayo matatu lina mifano ya kweli ya kujitetea nayo, na mifano ya kweli haiwezi kushindwa kwa kelele.

Chukueni karatasi mwandike hesabu ifuatayo. Katika mchujo wa Afcon ya 2008, chini ya Marcio Maximo kutoka Brazil, Stars ilikusanya pointi 8 katika mechi sita. Wakubwa wa kijiwe chenu watakuwa wanaikumbuka sare ya 1-1 na Senegal pale uwanja wa CCM Kirumba, hapo kwenu Mwanza, Juni 2007. Tulimaliza wa tatu, tukabaki nyumbani. Katika mchujo wa Afcon ya 2019 tulikusanya pointi 8, tukashika nafasi ya pili, tukafuzu kwa mara ya kwanza tangu 1980, na Emmanuel Amunike akawa shujaa wa taifa kwa majuma kadhaa. Katika mchujo wa Afcon ya 2023 tulikusanya tena pointi 8, tukawa wa pili nyuma ya Algeria, na Adel Amrouche akasherehekewa baada ya sare tasa ya Annaba mwezi Septemba 2023. Mbrazili, Mnigeria, na Mbelgiji mzaliwa wa Algeria: pointi ni zilezile, lakini mmoja anakumbukwa kama aliyeshindwa na wawili kama waliofaulu.

Kilichobadilika katikati ni ukubwa wa mashindano yenyewe. Fainali za 2008 zilikuwa na timu 16, na kutoka katika kundi alikuwa na uhakika mshindi peke yake, huku washindi wa pili wachache tu wakibebwa. Kuanzia 2019 fainali zina timu 24, na timu mbili za kila kundi huwa zinapita. Lazima niwe mwaminifu hapa, maana najua mtu wa kundi la pili atanirukia: hata kwa kanuni za sasa Maximo asingefuzu, kwa kuwa Msumbiji walimaliza na pointi 9 baada ya kutufunga 1-0 Dar es Salaam katika mechi ya mwisho. Pamoja na hayo, mtu anayelinganisha makocha wa kabla ya 2019 na wa baada yake kwa kuuliza tu "alifuzu au hakufuzu" anawapima kwa mizani mbili tofauti.

Tuziangalie hizo pointi 8 kwa karibu zaidi. Katika zile za 2019, pointi moja ilitoka kwenye sare ya 1-1 na Lesotho iliyopatikana Juni 2017 chini ya mzawa, Salum Mayanga, kabla Amunike hajakanyaga Dar es Salaam. Siku ya mwisho, tarehe 24 Machi 2019, tuliifunga Uganda 3-0, Uganda ambayo ilikuwa imekwisha kujihakikishia tiketi yake; saa hizohizo Lesotho walikuwa Praia wakicheza na Cape Verde. Mechi ile ikaisha 0-0. Lau Lesotho wangepata bao moja la ushindi kule, wangefika pointi 8 kama sisi, na wangetupita kwa matokeo ya ana kwa ana, kwa sababu walitoka sare nasi hapa na kutufunga 1-0 kwao. Katika zile za 2023, pointi moja ililetwa na Kim Poulsen kwa sare ya 1-1 na Niger ugenini, Juni 2022, miezi miwili na ushee kabla hajaachishwa kazi. Uganda walimaliza kundi lile na pointi 7. Iondoeni sare ya Poulsen, nasi tunabaki na 7 kama wao, nao walitufunga 1-0 sawasawa na tulivyowafunga sisi. Kwa hiyo mnaposema "Amunike alitupeleka" au "Amrouche alitupeleka", mnasema jambo la kweli ambalo halijakamilika, kwa maana tiketi zote mbili zilibebwa na mikono miwili, na mojawapo ilipita kwa bao ambalo watu wengine walilikosa katika nchi nyingine.

Hali ni hiyohiyo kwenye fainali zenyewe. Afcon ya 2023, iliyochezwa Januari 2024 kule Ivory Coast, tulipata pointi 2, tukashika mkia katika kundi, tukarudi. Zote mbili zilipatikana chini ya Hemed Suleiman, aliyeshika timu na Juma Mgunda akiwa msaidizi wake baada ya Amrouche kufungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, mechi nane kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco. Na tuliokuwa tukifuatilia tulicheka kidogo kwamba Morocco alimwondoa kocha na Morocco akaichukua timu. Afcon iliyoanza Desemba 2025 tulipata pointi 2 vilevile: tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka 1-1 na Uganda, tukatoka 1-1 na Tunisia. Safari hii pointi 2 zilitosha kutuingiza kumi na sita bora kama mmoja wa washindi bora wa nafasi ya tatu, tukiizidi Angola kwa mabao ya kufunga, na Miguel Gamondi akaingia katika historia. Simnyang'anyi haki yake. Alipewa timu Novemba, mwezi mmoja na kidogo kabla ya fainali, na kuipa roho timu kwa muda ule si kazi ndogo. Na kufungwa 1-0 tu na wenyeji Morocco katika mtoano si jambo la kuonea haya. Ninachokataa ni kuchukua pointi 2 za huyu kuwa ushahidi wa uwezo wa wageni, na pointi 2 za yule kuwa ushahidi wa udhaifu wa wazawa.

Sasa nifike kwenye swali lako la pili, kwa sababu hapo ndipo penye nyama. Kocha wa taifa anapimwa kwa nini? Lazima kwanza tujue anafanya kazi gani, na watu wengi huichanganya kazi yake na ile ya kocha wa klabu.

Dirisha la kimataifa la kawaida lina siku tisa, kuanzia Jumatatu hadi Jumanne ya juma linalofuata, na ndani yake kuna mechi mbili. Fikirini juma lenyewe linavyokwenda. Jumatatu wanaripoti kambini wachezaji wa ligi ya ndani, baadhi yao wakiwa wamecheza Jumapili jioni na wanahitaji kupumzika tu. Wanaotoka Uturuki, Iraki au Uingereza wanafika Jumanne, mwingine Jumatano asubuhi akiwa amelala kwenye ndege. Jumatano jioni ndiyo mara ya kwanza kikosi kizima kinasimama uwanjani pamoja, na kocha ana kama dakika sabini hivi kabla madaktari hawajaanza kumtazama kwa jicho la "inatosha". Kama ni mwerevu, robo tatu ya muda huo anaitumia kwa mambo mawili: jinsi mabeki wanne na viungo wao wanavyosogea kwa pamoja mpira ukiwa upande mmoja, na kona na mipira ya adhabu, za kushambulia na za kulinda. Mara nyingi hufanya hivyo kwa mwendo wa kutembea, wachezaji wakionyeshwa mahali pa kusimama, kwa sababu miguu imechoka na akili ndiyo inayofundishwa. Alhamisi ni safari au mazoezi mepesi. Ijumaa au Jumamosi ni mechi. Kwa miaka mingi kalenda ilikuwa na madirisha matano kwa mwaka, na kuanzia 2026 yale ya Septemba na Oktoba yameunganishwa kuwa moja refu lenye mechi nne. Ukijumlisha mazoezi ya kweli, yale ya kikosi kizima kikiwa na nguvu, kocha wa taifa hapati kwa mwaka mzima zaidi ya yale ambayo kocha wa klabu huyapata kwa mwezi mmoja. Hata mashindano makubwa hayamsaidii sana: kwa Afcon ya 2025 klabu zililazimika kuwaachia wachezaji kuanzia tarehe 15 Desemba tu, ilhali fainali zilianza tarehe 21.

Kocha wa taifa, kwa maneno mengine, ni fundi cherehani anayeletewa kitambaa ambacho wenzake wamekwisha kukikata. Kazi yake ni kuunganisha vipande kwa haraka na kwa ustadi, naye hana nafasi ya kwenda dukani kuchagua kitambaa kingine. Hawezi kumfundisha winga wa miaka 26 kupiga krosi. Hawezi kuzalisha mshambuliaji. Anachoweza ni kuteua watu wanaopatana, kuwapa mpango mwepesi wanaoweza kuukumbuka wakiwa wamechoka dakika ya themanini, kuzungumza na klabu ili zimwachie wachezaji bila vinyongo, kutulia benchini, na kuwalinda wachezaji wake dhidi ya kelele zetu. Basi hivyo ndivyo vipimo vyake. Mtazameni kama mabao tunayofungwa yanatokana na mipira ya adhabu ambayo ilistahili kufanyiwa mazoezi. Mtazameni kama kikosi cha mechi ya pili ya dirisha kinafanana kimawazo na kile cha mechi ya kwanza, au kila mechi ni majaribio mapya. Mtazameni anapobadilisha mchezaji: je, anaingiza mtu wa kazi fulani, au anaingiza jina ili uwanja utulie?

Na kitambaa chenyewe kinatoka wapi? Hapa kijiwe chenu hakijasema kitu, nami naona ndiko kuliko na uzito kuliko jina la kocha yeyote. Msimu wa 2024/25 milingoti ya Simba ililindwa na Moussa Camara wa Guinea, na ya Yanga ikalindwa na Djigui Diarra wa Mali. Ni makipa hodari, na klabu zina haki ya kutafuta ubora ili zifike mbali Afrika. Lakini maana yake kwa Stars ni kwamba makipa wetu bora ama walikaa benchi katika klabu hizo, ama walicheza katika timu zisizopata mechi ngumu za kimataifa. Utaikuta hali kama hiyo kwa washambuliaji wa kati. Kocha anayekuja, awe wa Songea au wa Lisbon, ataikuta orodha ileile fupi. Njia ya kuirefusha ni mbili. Moja ni kuwatafuta vijana wenye asili yetu waliokulia soka la nje, kama ilivyofanyika kwa Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia waliokulia Uingereza, na kwa Charles M'Mombwa kutoka Australia, aliyetufungia bao dhidi ya Nigeria Desemba 2025. Njia hii ni ya haraka lakini ni nyembamba. Nyingine ni ya polepole: timu za vijana. Mwaka 2019 tuliandaa Afcon ya vijana chini ya miaka 17, tukafungwa mechi zote tatu, tukasononeka, tukasahau. Vijana wale wako katika umri ambao mwaka 2027 walipaswa kuwa uti wa mgongo wa timu ya wakubwa. Kelvin John alipita Genk ya Ubelgiji, kisha akaenda Aalborg ya Denmark. Waulizeni wenzenu wawataje watatu wengine wa kikosi kile na mahali wanapocheza, nanyi mtaona mjadala wa kocha unavyopoa.

Baada ya hayo naweza kuzipima hoja za makundi yenu bila kumwonea mtu.

Kundi la mzawa lina hoja nzito mbili. Mzawa anaijua ligi tangu siku ya kwanza, hahitaji miezi sita ya kuambiwa nani ni nani, na anazungumza na mchezaji kwa lugha anayoiota usiku. Hemed Suleiman alikusanya pointi 10 katika mchujo wa Afcon ya 2025, zaidi ya pointi 8 za wageni wote niliowataja, akishinda Guinea nyumbani na ugenini, na Agosti 2025 aliifikisha timu ya wachezaji wa ndani robo fainali ya CHAN, hatua ambayo hatukuwahi kuifikia, kabla ya Morocco kutufunga 1-0 uwanjani Benjamin Mkapa. Udhaifu wa hoja hii hauko kwa mzawa mwenyewe. Uko kwetu. Mzawa akimwacha mchezaji wa Simba, huitwa mtu wa Yanga. Akimwacha wa Yanga, huitwa mtu wa Simba. Na nimewasikia mashabiki wenye akili timamu wakitafuta kocha fulani alichezea wapi miaka thelathini iliyopita ili waeleze kwa nini kamwacha beki wa kushoto. Mgeni hatuandami kwa namna hiyo, ingawa naye hasalimiki: wanaokumbuka enzi za Maximo wanajua kelele zilizompata kwa kumwacha kipa Juma Kaseja.

Hoja nyingine ambayo husikika sana siku hizi ni kwamba Afrika yote sasa inashinda kwa wazawa. Ni kweli kwamba Djamel Belmadi aliipa Algeria kombe la 2019, Aliou Cissé akaipa Senegal lile lililochezwa 2022, na Emerse Faé akaipa Ivory Coast lile la 2024. Lakini Belmadi na Faé walizaliwa Ufaransa, na Cissé alihamia huko akiwa mtoto. Wote watatu walikulia katika akademia na ligi za Ulaya. Ni raia wa mataifa yao kwa haki zote, ila elimu yao ya soka haikupatikana katika mazingira anayopitia kocha wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mifano iliyo karibu zaidi na hali yetu ni Hassan Shehata, aliyeipa Misri makombe matatu mfululizo kuanzia 2006, na Stephen Keshi wa Nigeria mwaka 2013, ingawa na Keshi naye alicheza Ulaya miaka mingi. Upande wa wageni, Hervé Renard alishinda na Zambia 2012 na Ivory Coast 2015, na Hugo Broos alishinda na Kamerun 2017. Anayetaka kanuni moja katika orodha hii hataipata.

Kundi la mgeni nalo linasahau kwamba wageni si wa aina moja. Gamondi alipopewa Stars alikuwa kocha wa Singida Black Stars, na kabla yake aliifundisha Yanga na kutwaa nayo ubingwa wa msimu wa 2023/24. Aliwajua nusu ya wachezaji kwa majina ya utani. Etienne Ndayiragije wa Burundi, aliyetupeleka CHAN ya Kamerun mwaka 2021, alikuwa amekwisha kufundisha Mbao ya hapo kwenu Mwanza, KMC na Azam. Hawa ni wageni kwa pasi na wenyeji kwa kazi. Kuna tofauti kubwa kati yao na mtu anayeshuka uwanja wa ndege akiwa na kompyuta mpakato na orodha ya wachezaji aliyotumiwa na mtu mwingine. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua kigezo, nitauliza kwanza kocha huyu ametazama mechi ngapi za ligi yetu akiwa jukwaani, si kwenye video, na pasi yake nitaiuliza mwishoni.

Kundi la jina kubwa silipi nafasi ndefu. Amunike alikuwa mwanasoka bora wa Afrika wa 1994, aliwahi kuvaa jezi ya Barcelona, na kama kocha alitwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 akiwa na Nigeria mwaka 2015. Jina lilikuwepo na vyeti vilikuwepo. Kule Misri 2019 tulifungwa na Senegal 2-0, Kenya 3-2 na Algeria 3-0, na hakumaliza mwaka kazini. Jina hujaza uwanja siku ya utambulisho. Kuanzia siku ya pili huwa linasubiri matokeo kama majina mengine.

Kuhusu kutodumu kwao, sababu ya kwanza ni ile tuliyoiona katika hesabu: tunawahukumu kwa mechi chache ambazo matokeo yake huamuliwa na kitu kidogo. Sababu ya pili ni mikataba isiyo na kazi iliyoandikwa waziwazi. Kocha akiambiwa "tupeleke Afcon" peke yake, siku atakapofuzu kazi imekwisha, na siku atakapokosa hakuna kitu kingine cha kumtetea. Sababu ya tatu ni fedha. Maximo alikaa miaka minne, 2006 hadi 2010, kwa kiasi kikubwa kwa sababu serikali ya Rais Jakaya Kikwete ndiyo iliyobeba mshahara wake, na mlipaji alitaka mradi udumu. Sababu ya nne, ambayo mimi huiona mbaya kuliko zote, ni kwamba kocha anapoondoka huondoka na benchi zima na daftari zima, na anayefuata huanza ukurasa wa kwanza. Faé alipoichukua Ivory Coast katikati ya mashindano, baada ya kipigo cha 4-0 kutoka kwa Guinea ya Ikweta, watu waliona muujiza. Yeye alikuwa msaidizi ndani ya timu ileile, anajua nani ana maumivu ya nyama na nani hapatani na nani.

Msinielewe kwamba uvumilivu ni dawa ya kila kitu. Senegal walimwachia Cissé tangu 2015, wakapoteza fainali ya 2019, ndipo wakatwaa kombe. Morocco walifanya kinyume: Agosti 2022 walimwondoa Vahid Halilhodžić aliyekuwa amewapeleka Kombe la Dunia, wakampa timu Walid Regragui miezi mitatu kabla ya fainali, akafika nusu fainali. Hata hivyo Morocco walikuwa na kikosi kilichosheheni, akademia iliyoiva na kocha aliyetoka kutwaa ubingwa wa Afrika na klabu ya Wydad. Nchi yenye vitu hivyo inaweza kubadilisha dereva njiani. Yetu, kwa sasa, naishauri isimame kwanza.

Barua yenu basi, nashauri msitaje jina la kocha hata mmoja, maana barua yenye jina husomwa kama kampeni. Ombeni mambo manne yanayoweza kujibiwa: mkataba wa kocha mkuu uvuke fainali za 2027 na uwe na malengo yanayotangazwa, yakiwemo ya idadi ya vijana atakaowapandisha; angalau msaidizi mmoja mzawa awe na mkataba wake mwenyewe na TFF, usiovunjika kocha mkuu akiondoka; kocha aishi nchini na ahudhurie mechi za ligi nje ya Dar es Salaam pia; na ratiba ya ligi itoe nafasi ya kambi kabla ya mashindano. La nne ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linagusa klabu mnazozishangilia wenyewe, na mnapaswa kuliandika mkijua kwamba mechi ya timu yenu inaweza kuahirishwa.

Msiitume barua hiyo kwa simu au mitandaoni pekee. Pelekeni nakala kwa mkono katika ofisi ya chama cha soka cha mkoa wenu, mwombe kikao na katibu, na mwende watu watatu, mmoja kutoka kila kundi. Vyama vya mikoa vina wajumbe katika mkutano mkuu wa TFF, na mjumbe aliyewaona ana kwa ana ana sababu ya kusimama na kuuliza. Aliyepokea ujumbe uliosambazwa hana. Kama kati yenu kuna aliyeguswa kweli na kazi hii ya kufundisha, ofisi hiyohiyo ndiyo ya kumuulizia kozi za awali, kwa sababu ngazi ya leseni za CAF huanzia D na kupanda hadi Pro, na makocha wazawa tunaowataka mwaka 2035 wanapaswa kuanza ngazi ya chini sasa.

Wale wawili wasiosalimiana, hao barua haiwafai. Mtafuteni mkubwa wa kijiwe ambaye wote wanamheshimu, aende kwa kila mmoja nyumbani kabla hamjawakutanisha, na asiwaulize habari za kocha kabisa. Mara nyingi ugomvi wa aina hii huwa na deni au neno la kudhalilishana nyuma yake, na hilo ndilo la kusuluhishwa. Likionekana kuna fedha za kubeti ndani yake, au mmoja ametishia kumdhuru mwenzake, msilibebe kijiweni peke yenu: mpelekeni mzee huyo hadi kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa na pande zote mbili, mapema, kabla ya mechi nyingine haijachezwa.